Nachagua Pikipiki kwa Siti ya Nyuma

Jumapili, jioni. Kilakala.

Leo mlima umejifunga wingu tangu asubuhi na haujalifungua. Mvua haijanyesha, lakini hewa ni nzito, na nguo nilizoanika jana bado zina ubaridi. Nimekaa kizingitini na kikombe cha chai. Mbele yangu, kwenye varanda, ziko pikipiki mbili, na ninaziangalia kama mtu anayeangalia watu wawili aliowapa ahadi moja.

Mwenye nyumba wangu, Mama Salome, aliniambia mwanzoni mwa mwezi kwamba varanda yake si gereji. Hakusema kwa ubaya. Mwanawe anarudi na mkewe na watoto, chumba cha upande huu kitafunguliwa, na watu lazima wapate pa kupita. "Moja ibaki," akasema, "nyingine uirudishe kwao." Kana kwamba pikipiki nazo zina kwao.

Nilidhani ni jambo dogo. Nilidhani nimeshaamua.

Wanaosoma ukurasa huu wanamjua Twiga. Ndiye aliyeuanzisha. Ni pikipiki ndefu, nyeupe, ya safari, ambayo nikisimama nayo kwenye taa pale Msamvu vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa lami. Niliinunua mwaka nilioanza kazi maabara ya udongo, nikajiunga na kundi la waendeshaji wanaotoka kila Jumapili alfajiri kuelekea barabara ya Iringa. Nilikuwa mwanamke pekee. Nilijua kuinama na pikipiki kwenye kona za Kitonga huku magoti yakilikumbatia tangi, na kwa muda mrefu sikuhitaji furaha nyingine. Mtu akiniuliza mimi ni nani, jibu la kweli lilikuwa lile: mimi ni yule anayepita.

Halafu siku moja tulisimama Mikumi kunywa soda. Wenzangu wakawa wanabishana nani alimpita nani na wapi. Nikajaribu kukumbuka kitu kimoja nilichokiona njiani asubuhi ile, mti, mnyama, uso wa mtu. Sikukumbuka chochote.

Sikuacha kupenda lami. Ilinyamaza tu ndani yangu.

Ndipo nikampata Mzee. Huyu hamna picha zake nyingi hapa kwa sababu hapigiki picha. Ni kipikipiki cha zamani, chepesi, kinawaka kwa teke, na taa yake ya duara inatetemeka kama jino linalotaka kutoka. Lakini kinapanda. Pale ambapo Twiga angelala ubavu, Mzee anapita kwenye njia za watu kati ya matuta ya karoti bila kumkera mkulima. Kwa ajili yake nikaacha kwenda mbali, nikaanza kwenda juu. Na juu, kwa upande wetu, maana yake ni kwa Bibi.

Bibi ni mama yake mama. Anaishi mbele ya Nyandira, mahali ambapo barabara inakoma na miguu inaanza. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi, naye Bibi ndiye aliyenilea. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo, tunaouita lukolo, unapita kwa wanawake, na shamba vilevile. Shamba la Bibi lilikuwa liwe la mama. Sasa mjukuu wa kike aliyebaki ni mimi peke yangu. Watu wote kule juu wanalijua hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikijifanya silijui, na nilijifanya vizuri zaidi nikiwa mwendo wa kasi, juu ya Twiga.

Mjomba Adolfu, kaka yake mama, ndiye anayesimamia mambo ya ukoo. Ni mtu wa maneno machache. Hajawahi kuniambia rudi, au olewa, au lima. Ananiangalia tu ninapovaa glavu, kisha anaangalia shamba, kisha anaangalia kitu kingine.

Tangu mwaka jana Bibi ana presha. Kila mwezi anatakiwa kuteremka kliniki kwenye hospitali ya misheni, na Mjomba alikuwa akimkodishia bodaboda. Mwezi uliopita nikasema nitampeleka mimi. Hakuna aliyeniomba. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, na nilipomwona Mjomba ameinua macho nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kumpita mtu yeyote Kitonga.

Nilianza kwa kumwonyesha Twiga. Bibi aliizunguka akiwa ameshika kiuno, akaangalia siti ya nyuma iliyoinuka kuliko ya mbele.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nijue kusikia, "hapa ni pa kukaa mtu au pa kulala kuku?"

Basi ikawa Mzee. Na nikaona mambo yote yamekaa sawa: Twiga aende, Mzee abaki, mimi niwe mjukuu mwema mwenye pikipiki moja kuukuu. Niliipenda ile picha. Naandika hivi kwa sababu nataka nijue niliipenda kiasi gani.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikapanda kumchukua.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa asiyezijua njia za kule. Vijana na wazee wanaoteremsha mboga kutoka juu, kabichi zimepangwa nyuma yao mpaka juu ya kichwa, wakifika penye mteremko huzima injini. Huachia pikipiki iserereke yenyewe hadi bondeni. Wanasema mafuta ya kuteremkia ni mafuta ya kumwaga. Ukiwa shambani huwasikii wakija. Unasikia tairi juu ya kokoto na cheni ikilia kidogo, unainua kichwa, na kabichi zimeshapita. Nilipokuwa mdogo niliona ni jambo zuri kuliko yote. Na kwenye kundi letu la Jumapili tulifundishwa kwamba ni jambo la kijinga kuliko yote, kwa sababu injini iliyo kwenye gia ndiyo inayomshika mtu mteremkoni, na ukiizima umebaki na breki peke yake.

Niliyajua yote mawili.

Tulikuwa tumeteremka kipande kidogo, nikiwa gia ya kwanza, Mzee akinguruma na kukohoa kama desturi yake. Bibi alikaa upande, kanga ameikaza, mkono mmoja kiunoni kwangu. Akanigonga begani. Akasema kelele zile zinamwingia kichwani na presha yake ndiyo hiyo hiyo tunayoipeleka kupimwa. Akasema wenzangu wote wanazima, mimi nina nini.

Nikazima.

Sikuzima kwa sababu ya presha, wala kwa kumtii. Nilizima kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kule alikuwa ameniambia "wenzako". Na ulikuwa utamu ambao siwezi kuukana. Mto ulisikika chini. Mtu alikuwa akipasua kuni ng'ambo. Bibi akaanza kunitajia mashamba tuliyokuwa tukiyapita, la nani lilikuwa la nani, nani aliolewa akaondoka, nani alirudi. Nilikuwa nikisikiliza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya breki muda wote huo, na sikufikiri juu yake.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Kama chungu tupu kilichosahauliwa motoni. Nikakanyaga zaidi na breki ya nyuma ikaenda chini bila kubisha. Ya mbele nayo ikawa ya kubembeleza tu. Mzee ana breki za zamani, na tulikuwa wawili. Nikaingiza gia na kuachia klachi, tairi la nyuma likajifunga, likateleza, na kulia kwetu kulikuwa na bonde. Nikalazimisha kwenda kushoto, kwenye shamba la njegere lililokuwa usawa wa barabara.

Tuliangukia laini. Ndivyo kila mtu alivyosema baadaye, kwamba tuliangukia laini.

Bibi alikuwa amelala chali katikati ya njegere akiangalia juu. Nilimwita. Nikamwita tena kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, na hapo ndipo akageuza kichwa kuniangalia kama mtu aliyeudhiwa.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Watu wa shamba walikuja. Tulimfikisha misheni kwa gari la mtu aliyekuwa akipakia karoti, Mzee akiwa amelazwa nyuma, na jioni gari hilo hilo likamleta mjini. Mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa, wakamfunga plasta ngumu. Presha ilipimwa pia, sitaki kuiandika. Mjomba alifika kwa miguu, jasho likimtoka, na mimi nilikuwa nimesimama ukutani na nguo zenye majani. Nilimsubiri anifokee. Ingekuwa rahisi.

"Uliondoka na mama yangu akiwa mzima," akasema.

Akapita kwenda kwa mama yake.

Tangu Jumatano hadi leo nimekuwa nikiishi ndani ya sentensi hiyo. Kazini nilipima sampuli moja mara mbili nikidhani ni mbili. Jioni nilikuja hapa kizingitini na kuziangalia pikipiki, na kila hesabu niliyokuwa nimeipanga ilikuwa imevunjika. Nilitaka kumchukia Mzee kwa breki zake. Lakini Mzee alizimwa, hakujizima.

Leo asubuhi nikaenda kuomba radhi. Sikupanda yoyote kati ya hizi. Niliona haya kufika pale kwa magurudumu yangu mwenyewe. Nilipanda gari hadi Mlali, na hapo nikachukua bodaboda, dereva mtu mzima aliyevaa koti kinyume, mgongo kifuani, kama wanavyofanya kujikinga na upepo. Tulikubaliana anipeleke, anisubiri, anirudishe.

Sijakaa nyuma ya mtu tangu nilipojifunza kuendesha.

Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujua. Ukiwa nyuma unaona shingo ya mtu. Barabara huioni, unaletewa. Kona inakufikia ikiwa imeshaamuliwa. Breki inakuja kama habari kutoka mbali na mwili wako ndio wa mwisho kuambiwa. Miguu haijui kazi yake. Nilijikuta nimeshika chuma cha nyuma ya siti kwa mikono yote miwili, mimi niliyekuwa nikiinama Kitonga, na nikamfikiria mwanamke mwenye presha, ameketi upande, ameshika kiuno cha mjukuu anayesikiliza sifa zake mwenyewe.

Miaka yote hii nimechagua pikipiki kwa kukaa mbele. Twiga kwa macho yangu, Mzee kwa roho yangu. Sijawahi hata mara moja kuikagua siti ya nyuma, isipokuwa kwa kufungia begi.

Nilimkuta Bibi barazani ametoka misa, anabangua njegere kwa mkono mmoja, bakuli limebanwa kati ya magoti. Mjomba alikuwa pembeni akichonga mpini wa jembe. Kwetu anayekuja kuomba radhi haketi mpaka akaribishwe. Nikasimama na kimfuko changu cha sukari na majani ya chai.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umekuja kwa miguu ya nani?"

Nikamsalimu Mjomba, akaitikia bila kuacha kuchonga. Nikasema niliyokuja kusema. Nilikuwa nimeyapanga njiani, yana mwanzo na mwisho, lakini yalitoka kidogo kuliko nilivyoyapanga: kwamba nilijua haifai na nikafanya, kwamba simlaumu aliyeniambia nizime kwa kuwa ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Mpini ukaendelea kuchongwa. Baadaye Mjomba akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kigoda, akakiweka chini karibu yangu. Nikaketi. Yeye akarudi kwenye mpini wake.

Akasema kliniki ijayo atakodi bodaboda kama zamani.

"Mjomba, naomba nimpeleke mimi."

"Kwa kile kile?"

"Hapana."

"Kwa lile refu?"

"Hapana."

"Sasa kwa kipi?"

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa nimeacha pikipiki mbili nyumbani, na sikuwa na hata moja. Mjomba hakucheka. Alinisubiri, na naamini alitaka kweli kujua.

"Anayepandishwa ni mimi," Bibi akasema akiwa bado na njegere zake. "Mbona haniulizi mtu?"

Mjomba akaacha kuchonga.

Bibi akasema anataka pa kukanyaga, kwa sababu siku ile miguu ilikuwa ikining'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Akasema anataka siti ndefu, na iwe chini, apande mwenyewe asinyanyuliwe kama gunia. Na pa kushika, maana kiuno changu ni mifupa mitupu na yeye hajapewa mikono ya kushikia mifupa. Mjomba akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Hata mimi nilicheka, kicheko kilichokuwa karibu sana na kilio.

Kisha Bibi akaliweka bakuli chini.

"Na nikikwambia zima," akasema, "usinisikilize."

Hakusema kwa utani. Aliniangalia mpaka nikaitikia kwa sauti.

Mjomba akapangusa vumbi la mpini. Halafu akasema nije na hiyo pikipiki kabla ya siku ya kliniki, aione kwanza, ateremke nayo yeye mwenyewe mpaka darajani na kurudi. Akishaipanda ndipo atasema. Hilo si ndiyo. Lakini si ile sentensi ya Jumatano, na niliipokea kwa mikono miwili.

Tulipoanza kuteremka, dereva wangu wa koti la kinyume akafikia ukingo wa mteremko na kuzima.

"Kaka, naomba uwashe."

"Mteremko huu, dada? Mafuta ya nini?"

"Washa tu."

"Mbona hata kabichi hazijawahi kulalamika?"

Nikamwambia mimi si kabichi. Akacheka mpaka kofia ngumu ikagonga yangu, akawasha, akaingiza gia, akaniambia haya bosi. Kote hadi Mlali injini ilikuwa ikituzuia kwa nyuma, kama mkono wa mtu ulioshika kanga ya mtoto anayetaka kukimbia. Nikaitazama ile pikipiki aliyonipakia. Siti ndefu, ya chini. Pa kukanyaga pana. Chuma imara nyuma. Breki ya diski mbele. Ni zile za kawaida kabisa, zilizojaa kila kijiwe cha mji huu, ambazo kwenye kundi letu tuliziita punda, na mimi niliandika hapa hapa kwamba afadhali nitembee.

Basi ndiyo hiyo.

Twiga aende. Kuna mwenzetu wa kundi amekuwa akiniuliza tangu mwaka jana, na ataipeleka inakostahili kwenda. Mzee nitampa fundi wangu wa Mwembesongo, ambaye hatamzima mteremkoni kwa sababu hapendi kwenda popote. Nimeliandika hilo kwa utulivu, lakini sina utulivu. Nitakapomkabidhi Twiga nitakuwa nikimkabidhi pia yule anayepita, na sijui atakayebaki ni nani. Mtu anayepeleka bibi kliniki? Mtu anayejua shamba la nani lilikuwa la nani? Najua njia hii inakoelekea. Inaelekea kwenye matuta yale, na siku moja kutakuwa na binti wa ukoo atakayeniita mimi bibi. Sijui kama ninachagua au ninachaguliwa. Ninachojua ni kwamba nataka kuaminiwa na yule mjomba wa mpini kuliko ninavyotaka kwenda Iringa.

Kabla ya kufika nyumbani nilishuka Msamvu, karibu na stendi. Kuna duka linalopanga pikipiki mpya nje, na leo lilikuwa wazi. Nikaenda kwenye ile ya mwisho, nyekundu, nikakaa nyuma, upande, kama anavyokaa Bibi. Muuzaji, kaka mmoja mchangamfu, akaja haraka.

"Dada, dereva anakaa mbele."

"Najua. Naomba ukae wewe."

Akaangalia kulia na kushoto kama kuna mtu anayemrekodi. Kisha akakaa. Nikamwomba aiinamishe kidogo kushoto, kisha kulia, kisha akamate breki za mbele na kuisukuma, nami nikafumba macho. Watu wa stendi walikuwa wakitazama. Nikapeleka mkono nyuma kutafuta chuma, nikakipata bila kuhangaika.

Akauliza, akiwa bado amenipa mgongo, kama ninanunua au ninasali.

Nikamwambia anivumilie. Nilikuwa bado naitafutia miguu pa kukanyaga.